Mteremko wa Bwana Shamba

Nilitoka Tabora nikiwa juu ya magunia matupu. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja ambaye, kama wengi katika miaka ile ya ruksa, alikuwa amesikia kwamba sasa mtu yeyote mwenye gari na ujasiri anaweza kununua kitu popote na kwenda kukiuza kwingine. Yeye alichagua viazi mviringo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na nilikuwa na ugonjwa ambao sijapona hadi leo, nikiwa na miaka arobaini na ushee: nikiona gari linaondoka, moyo wangu huondoka nalo. Akanichukua niwe karani wake wa mizani.

Tulipita Sikonge na Ipole, tukaingia pori la Rungwa. Mbung'o walituuma juu ya mashati. Miti ilikuwa mingi, na kila mmoja niliuona kama mwenzake, kwa sababu nilikuwa sijafundishwa kutazama. Chunya tulilala chini ya lori. Mbeya tulinunua makoti ya mitumba, tukacheka tulivyofanana na maofisa. Kisha gari likapanda kutoka Uyole, likaingia kwenye ukungu, na lilipotoka upande wa pili dunia yote ilikuwa kijani. Dereva wetu, mtu asiyependa maneno, alipunguza mwendo akasema, "Huku hata ukisahau fimbo ukutani, kesho utaikuta na majani."

Nilipanga chumba Bulyaga, mjini Tukuyu. Lakini kazi ilikuwa juu, upande wa Isongole, kwenye baridi inayopendwa na viazi. Huko ndiko nilikomkuta mtu wa hadithi hii.

Siku hiyo nilikuwa natafuta mahali pakavu pa kutandaza magunia. Niliuona mteremko wa majani uliozungushiwa ua wa miti hai, nikaupenda, nikaruka ua. Sijatembea sana kitu cha duara kikaja kikipaa angani, kikaanguka karibu na mguu wangu. Ilikuwa ringi ya baiskeli, haina spoku wala tairi.

"Usisogee!" sauti ikasema.

Nikasimama kama mwizi. Mzee mwembamba aliyevaa buti za mpira alitokea, akapiga magoti mbele yangu, akausukuma mguu wangu taratibu kama anayesukuma mbuzi wa watu.

"Umemkanyaga Mpangaji," alisema. Akanionyesha ua dogo la buluu, dogo kuliko punje ya mchele, lililoota chini ya shina la jani jingine. "Huyu anaishi chini ya paa la mwenzake. Halipi kodi. Umetoka wapi wewe?"

"Tabora, mzee."

"Ndiyo maana. Ninyi mnajua nyuki na vumbi. Haya, piga magoti, tusome."

Tangu siku hiyo nilipiga magoti naye mara nyingi kuliko nilivyowahi kupiga kanisani.

Sijui alizaliwa lini, wala ukoo wake uliteremka kutoka mlima gani. Watu wote walimwita Bwana Shamba, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka serikali ilipopunguza watumishi. Miaka yote ya utumishi alikuwa amepita vijijini kwa pikipiki akiwaambia watu wang'oe: ng'oa magugu, ng'oa migomba mizee, safisha pori, panda mistari. Alipopunguzwa kazi alirudi nyumbani na pikipiki isiyowaka, buti za mpira, na mteremko aliourithi ambao haukuwahi kulimwa kwa sababu ulikuwa mkali. Siku ya kwanza alikwenda kuupima apande milingoti. Alipoinama kuchomeka mambo ya kwanza, kile kijiti cha kupimia, aliniambia, aliona jani asilolijua. Pembeni yake akaona jingine. "Nimefundisha watu kilimo maisha yangu yote," alisema, "nikakuta nyuma ya nyumba yangu kuna mji mzima na mimi sijawahi kubisha hodi." Mambo ile haikuchomekwa. Badala yake alipanda ua kuuzunguka mteremko, na tangu hapo alitaka jambo moja tu: mteremko ule uendelee kuchanua kama ulivyokuwa.

Ringi ilikuwa na masharti yake. Huruhusiwi kuchagua pa kuitupa. Unageuza mgongo, unairusha juu ya bega, kisha unaifuata. "Ukichagua," alisema, "utatupa penye maua, halafu utajidanganya kwamba dunia yote ina maua." Ikishaanguka, mnapiga magoti pande mbili, kila mtu anataja anachokiona ndani ya duara, na aliyetaja aina nyingi ndiye anayekunywa chai kwanza. Mwanzoni niliona majani tu. Nilisema hivyo, "Majani tu," naye akakasirika kweli.

"Mtu anayesema 'majani tu' ni sawa na anayesimama stendi ya Mbeya akasema 'watu tu.' Tazama! Huyu ana manyoya kwenye goti. Huyu hana. Huyu ukimvunja ananuka ndimu. Huyu shina lake lina pembe tatu, lipitishe kwenye vidole. Hawa si ndugu hata kidogo, wamepanga nyumba moja tu."

Nikapitisha vidole. Lilikuwa na pembe tatu.

Majani yaliyokuwa na jina la Kinyakyusa aliyaita kwa jina hilo. Yasiyokuwa nalo aliyabatiza mwenyewe. Jani lenye mbegu zinazong'ang'ania suruali aliliita Shemeji, kwa sababu linakufuata mpaka nyumbani na halitoki bila kuvutwa. Jani refu jekundu linalotokea mwishoni kabisa mwa mvua, wengine wote wakiwa wameshachoka, lilikuwa Mkaguzi. Vile vimaua vya kijivu vyenye sufi ambavyo hata vikikatwa havinyauki vilikuwa Wazee wa Baraza. Na yale maua ya njano yanayosimama wima kwenye mashina yao, yote yametazama upande mmoja, aliyaita Kwaya. Kwaya ndiyo aliyoipenda kuliko yote. Mvua zikishaingia alikuwa akipita katikati yake kwa kunyata, kama mtu aliyechelewa ibada.

Hakuandika kitu. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiandike, mtu msomi kama yeye.

"Karani," alisema, "nimeandika ripoti mpaka mkono umepinda. Nilikuwa naandika 'malisho, hali nzuri,' mkubwa wangu anaandika 'safi.' Hakuna aliyetazama. Sasa acha nitazame."

Watu walimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo, lakini kwa upendo. Tulikwenda pamoja Kisiba kwenye mazishi ya rafiki yake wa kazini. Jeneza likishushwa, Bwana Shamba akaanguka magoti kando ya kaburi, kichwa kikagusa udongo. Akina mama wawili wakamkimbilia, wakamshika mabega, mmoja akaanza kulia upya kwa kumhurumia. Nilipomfikia nikamsikia ananong'ona, "Karani, kangaga hii ya huku ina mgongo wa dhahabu. Kwetu juu haipo." Tulipokuwa tukirudi nilimwambia haikuwa vizuri. Akafuta udongo kwenye paji la uso. "Marehemu angeitazama," alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyekuwa na macho. Mimi nilikuwa na pikipiki."

Alikuwa pia mtu wa kujipinga mwenyewe, na hakuona haya. Mteremko ulikuwa na kila aina ya jani, lakini uwanja wa nyumba yake ulifagiliwa mpaka udongo ukang'aa, na jani likithubutu kuchungulia hapo aling'oa na mzizi wake. Shamba lake la mahindi halikuwa na gugu hata moja. "Kila mtu kwake," alisema. Siku moja alinipeleka msituni, chini ya Mlima Rungwe. Njiani tulipita shamba la mipaini ambalo yeye mwenyewe, enzi za ujana wake, alisimamia upandaji wake. Akageuza mgongo, akarusha ringi.

"Soma."

"Sindano," nikasema.

"Na nini tena?"

"Sindano, mzee. Na sindano nyingine."

Akacheka mpaka akashika mti. Tukaingia msitu wenyewe, ule ambao haukupandwa na mtu, ringi ikakwama juu ya mizizi, na ndani ya nusu duara tukakuta miche ya miti ambayo majani yake hayakufanana, kangaga, kuvu wa rangi ya chungwa, na kamba ya mmea uliokuwa unapanda juu ya mmea mwingine uliokuwa unapanda juu ya mti. Nilitaja mpaka nikachoka. Nikasema basi mipaini ile ni aibu. Akanigeukia kwa ukali.

"Usiiseme vibaya mipaini. Paa la nyumba yangu limeshikwa na mipaini. Unafikiri nilipigilia bati kwenye Mpangaji?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Jambo lililonivutia kwake kuliko yote ni furaha yake akigundua amekosea. Akishaamini kwa mwaka mzima kwamba majani mawili ni mamoja, kisha akaona tofauti, alitembea kijiji kizima akiwaeleza watu. Aliingia kilabuni, akanunua komoni, akatangaza, "Nilikuwa mjinga mpaka leo asubuhi!" Sijamwona tena mtu anayesema nimekosea kwa raha vile.

Lakini hayo yalihusu majani.

Ng'ambo ya ua wake aliishi mama mmoja mjane, mfugaji, ambaye kijiji kilimwita Mama Maziwa kwa kuwa ndiye aliyewauzia maziwa. Alikuwa mtu mkimya, mwenye macho ya kucheka. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamechunga ng'ombe kwenye mteremko ule miaka mingi, wakati Bwana Shamba akizunguka na pikipiki, na kila kiangazi waliuchoma ili majani mapya yatoke. Bwana Shamba alipoufunga, alimwambia wazi: ng'ombe wasiingie, moto usiingie. Mama alikubali. "Ni wako, tata," alisema tu, akimwita baba kwa Kinyakyusa, akapeleka ng'ombe wake bondeni.

Urafiki wao haukukatika kwa hilo, kwa sababu kati yao palikuwa na ng'ombe. Wanyakyusa wana desturi ambayo mimi, mtu wa kuja, niliielewa polepole: mtu humkabidhi rafiki yake ng'ombe akae zizini kwake, amkamue, na ndama wakizaliwa wanagawana. Ng'ombe huyo ni zaidi ya mfugo. Yeye ndiye ushahidi kwamba hawa wawili ni watu wanaoaminiana. Ng'ombe wa Bwana Shamba, mweusi mwenye baka jeupe usoni, aliishi kwa Mama Maziwa tangu marehemu akiwa hai, na kila asubuhi mama alituma kibuyu cha maziwa kwa jirani yake.

Katika miaka hiyo wakaja wanunuzi wa chikanda. Walitoka Tunduma na magunia yao, wakiulizia viazi vya maua, vile vidogo vya mviringo vinavyokaa chini ya Kwaya na ndugu zake. Kila ua lina viwili chini yake: kimoja kizee kilichosinyaa, na kimoja kichanga kilichojaa. Mchimbaji huchukua kilichojaa, na hapo ua limekwisha. Vilivushwa Zambia, na watu wa huko wakavitwanga na karanga wakapika kitu kama mkate wa kahawia ambao hukatwa vipande na kuliwa kama nyama. Watu waliokuwa hawana pa kupata fedha, ushirika ukiwa umekufa na bei ya kahawa ikitegemea mnunuzi aliyekuja siku hiyo, walipanda milimani na majembe. Milima mingine ilitobolewa kama chujio.

Bwana Shamba aliwahi kukionja chakula hicho. Dereva mmoja alimletea kipande kutoka mpakani, nami nilikuwapo. Alikitafuna kwa muda mrefu.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Kitamu," alisema kwa huzuni. "Ndiyo maana naogopa."

Na mwaka ule ule Kwaya ikapungua mteremkoni. Mwaka uliofuata ilipungua zaidi. Tulitupa ringi, tukakuta majani marefu yaliyolaliana, kangaga ngumu, na chini yake giza. Mpangaji hakuonekana. Wazee wa Baraza walibaki wachache, pembeni. Bwana Shamba alikuwa akirudi nyumbani mapema, na chai tulikunywa bila mshindi.

"Wanachimba," alisema.

"Lakini hakuna mashimo, mzee."

"Mwizi hodari hufukia."

Nilimwambia kwamba majani yaliyolala vile yangeonyesha alama ya mguu hata wa paka. Akanijibu kwamba anayelifahamu eneo hupita bila alama. Nilipouliza ni nani anayelifahamu hivyo, aligeuza kichwa. Alitazama ng'ambo ya ua. Pale, juu ya nyumba ya Mama Maziwa, palikuwa na bati jipya linalong'aa mpaka likaumiza macho. Mwanawe wa kiume alikuwa kibarua katika shamba la chai, na kwa mshahara wake pamoja na maziwa ya mama yake walikuwa wameondoa nyasi paani. Kijiji kizima kilijua hivyo. Bwana Shamba pia alijua.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama kanisani. Mimi sikuwapo, lakini niliyasikia maneno yake siku hiyo hiyo sokoni Tukuyu, kwa jinsi yalivyosafiri. Alisema: "Kati yetu yupo anayechimba kisicho chake. Sitamtaja. Paa lake linamtaja."

Kijijini mle palikuwa na paa moja tu jipya.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimepanda kupima viazi, nikaona watu wamesimama njiani. Mama Maziwa alikuwa anakuja, amejifunga kanga mbili kama wa safari, ameshika kamba. Nyuma yake yule ng'ombe mweusi, na nyuma ya ng'ombe ndama. Alimfunga kwenye nguzo ya uwanja wa Bwana Shamba, uwanja ule uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Bwana Shamba akatoka na kikombe mkononi.

"Mugonile, tata," mama alimsalimu, kwa heshima ile ile ya kila siku. "Ng'ombe wako huyu. Mpokee."

"Mama, mimi sikutaja jina."

"Sijakuuliza kitu. Nimesema mpokee."

Akaondoka. Mwanamke mmoja kati ya waliosimama alishika mdomo. Walikuwa wameona watu wakigombana kwa mashamba, kwa wake, kwa mirathi, lakini ng'ombe wa urafiki kurudishwa mchana kweupe mbele ya watu ni sawa na kuzikwa ukiwa hai. Tangu siku hiyo kuna walioacha kununua maziwa ya mama yule, wakisema, hakuna moshi bila moto, na kuna waliomkata salamu Bwana Shamba. Na ng'ombe mwenyewe, asiyezoea mikono ya mzee, alimpiga teke kila alipokamuliwa.

Nilimwambia amwombe radhi. Alisema hana ushahidi kwamba mama hakuchimba. Nikamwambia hana ushahidi kwamba alichimba. "Basi tuone kwanza," alisema. Alilisema sana neno hilo, na kwa majani ni neno jema. Lakini mtu hawezi kukaa miaka akingoja wenzake waone kwanza.

Kiangazi kikali kikafika. Alasiri moja, moto uliowashwa kwenye mabaki ya shamba la viazi upande wa chini uliruka ua. Nilikuwa kwenye mizani niliposikia mayowe. Tulipofika nusu ya mteremko ilikuwa inawaka, na yale majani marefu ya miaka yote yaliyolaliana yalikuwa yanalia kama mvua ya mawe. Watu walikata matawi mabichi wakaupiga moto. Bwana Shamba alikuwa anakimbia huku na huku bila tawi, anapiga kelele, "Kwaya! Kwaya!" Na katikati ya moshi, mstari wa mbele kabisa, nilimwona Mama Maziwa, kanga imefungwa kichwani, anapiga na kusogea, anapiga na kusogea, kama mtu anayejua tabia ya moto ule tangu zamani. Yeye na vijana ndio waliouzima katikati ya mteremko. Moto ulipokufa alitupa tawi lake, akapita mbele ya Bwana Shamba bila kumtazama, akaenda kukamua.

Mzee alikaa kwenye majivu mpaka jua likazama. Alisema sasa nitamsaidia kununua miche ya milingoti, imekwisha.

Mvua zikaja. Mimi nilikuwa Tukuyu nikiugua malaria, nikaona mlango unasukumwa bila hodi. Ni Bwana Shamba, ametembea na kudandia magari mpaka Bulyaga, buti zina matope mpaka magotini, ringi iko begani.

"Amka!" alisema. "Amka uone nilivyokosea!"

"Mzee, nina homa."

"Homa itakusubiri."

Nilikwenda siku mbili tatu baadaye. Mteremko ulikuwa umegawanyika kama nguo iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Upande ambao haukuungua ulikuwa kahawia na kangaga, vile vile. Upande ulioungua ulikuwa na nyasi fupi, laini, na katikati yake, njano tupu, wote wametazama upande mmoja: Kwaya. Wazee wa Baraza walirudi. Mpangaji alirudi, na majirani zake ambao hata mzee hakuwa na majina yao. Tulitupa ringi upande huu, tukatupa upande ule, tukarudia. Kila mara ilikuwa hadithi ile ile. Alilala kifudifudi akafukua kwa kidole ua moja, taratibu, bila kulikata. Viazi vyote viwili vilikuwapo.

"Havikuchimbwa," alisema. "Vilikuwa humu miaka yote. Vilikosa jua. Nimeyafungia majani marefu yasiliwe wala yasichomwe, yakawalalia wadogo. Mimi! Kwa ua wangu na mikono yangu!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, uso umejaa udongo. "Ningeacha ng'ombe waingie, ningeacha moto upite, wasingepotea. Karani, nimekuwa mjinga kwa miaka mingapi?"

Alimweleza kila mtu. Aliwaleta watu mteremkoni, mzee wa kanisa, wauza duka, madereva wangu. Alieleza kilabuni na barabarani. Kijiji kizima kilijua habari ya jua na kangaga. Nikangoja. Mvua zikapita, maua yakakauka, kiangazi kingine kikaingia.

"Umewaambia wote," nilimwambia siku moja, "isipokuwa mmoja."

Aliokota ringi, akaitazama kama haijui.

"Ameona mwenyewe. Anaishi pale. Maua yamemwambia."

"Maua hayakumsema kanisani."

Akageuza mgongo, akairusha juu ya bega. Ndipo nilipotambua kwamba furaha yake yote ya kukosea ilikuwa ya mtu asiyekuwa na mdai. Jani ukilikosea halikutazami.

Siku niliyoondoka kabisa ilikuwa Jumapili. Tajiri yangu alikuwa amehamishia biashara Sumbawanga, kwenye mahindi, na lori lingenipitia barabarani karibu na kanisa. Nilipanda mapema kumuaga Bwana Shamba. Nilimkuta njiani, amevaa koti la kazini la zamani, amesimama nje ya ua wa Mama Maziwa.

"Unafanya nini hapa, mzee?"

"Natazama."

"Unatazama nini?"

"Mlango."

Nikasimama naye. Mwishowe akaingia, nami nyuma yake, kwa kuwa alinishika mkono wa koti. Mama Maziwa alikuwa anaosha vibuyu. Aliitikia salamu kama unavyomwitikia mpita njia. Hakuleta kigoda.

Bwana Shamba akaanza. Alieleza habari ya majani marefu na mafupi, kivuli, moto, viazi viwili chini ya ua. Alieleza vizuri. Mama alisuuza kibuyu kimoja, akakiinamisha, akachukua kingine.

"Hiyo ni habari ya majani, Bwana Shamba," alisema. "Hiyo nimeshaisikia, hata watoto wanaicheza. Mimi nangoja yangu."

"Mimi sikutaja jina lako, mama."

"Paa lina jina."

Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe," alisema. Neno lilitoka kama mfupa wa samaki.

"Ulinisema wapi?"

"Kanisani."

"Basi hapa umepotea njia."

Alikausha mikono, akachukua kanga yake kambani, akamwita bintiye aangalie sufuria. Tukateremka. Mzee alitangulia, mimi katikati, na mama nyuma. Lori nililiona barabarani likiwa limeshafika. Nilimwonyesha dereva kidole, asubiri kidogo, nikaingia nikakaa karibu na mlango.

Wakati wa matangazo ulipofika, mzee wa kanisa akauliza kama yupo mwenye neno. Wanaume wakamtazama Bwana Shamba kwa sababu alikuwa ameshasimama kabla ya kuulizwa.

"Niliwahi kusema hapa kuhusu paa," alisema, akiwa ametazama kofia yake. "Nilimsema Mama Maziwa. Hakuchimba. Nilikosea."

Akakaa. Hata sekunde haikupita, mtu fulani nyuma akapaza sauti, "Hatujasikia!" Mwingine akaongeza, "Siku ile ulisema kwa nguvu, Bwana Shamba!" Pakatokea kicheko kidogo, kikafa. Nilidhani atatoka nje. Akasimama tena, polepole, akashika benchi la mbele, na safari hii aligeuka akatazama upande wa wanawake.

"Nimesema Mama Maziwa hakuchimba! Nililijua paa lake limetoka wapi nikamsema hivyo hivyo! Ni mimi niliyeua maua yangu! Nimemkosea mama huyu mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu!"

Mzee wa kanisa akageuza kichwa. "Mama, umesikia?"

Mama Maziwa hakuharakisha. Alinyoosha kanga mabegani, akasimama.

"Mimi nilisikia mara ya kwanza," alisema. "Hiyo ya pili ilikuwa yao."

Akakaa. Aliyekuwa jirani yake kwenye benchi, mmoja wa wale walioacha kununua maziwa, akainamisha uso. Nje honi ikalia, ndefu, ya hasira. Nilitoka wimbo ukianza, na hata nilipofika barabarani niliitambua sauti ya Bwana Shamba ndani ya sauti zote, nene, imetoka nje ya wimbo, na haijali. Sikurudi tena huko.

Dereva alikuwa amewasha injini. Aliniuliza kulikuwa na nini humo ndani hata nikamchelewesha hivyo.

"Matangazo," nikamwambia, nikapanda.